Waliojenga Udongo

Basi la Arusha kwenda Karatu linakushusha Mto wa Mbu, mji wa njiapanda unaojulikana kwa ndizi zake nyekundu na kwa magari ya watalii yasiyokoma kupita kwenda Ngorongoro. Wao wanapanda mlima. Wewe wa Engaruka unabaki chini, unatafuta Noah au lori lenye nafasi, unangoja lijae, kisha mnashika barabara ya vumbi kuelekea kaskazini. Ni kilomita 60 hivi. Mkono wa kushoto, ukingo wa Bonde la Ufa umesimama kama ukuta na hauwaachi njia nzima. Mkono wa kulia ni uwanda wa migunga na nyasi kavu, na milima ya Kitumbeine na Gelai kwa mbali. Mkishaipita Selela, kama anga ni safi, mbele yenu inajitokeza Oldoinyo Lengai, Mlima wa Mungu wa Wamaasai, volkano iliyo hai hadi leo.

Halafu, katikati ya ukavu huo, migomba. Macho hayaamini mara moja. Mvua ya Engaruka ni kiasi cha milimita 400 kwa mwaka, tena huja kwa fujo na kuondoka bila kuaga. Mkulima anayeitegemea peke yake atavuna mabua. Lakini pale genge lilipopasuka, unashuka mto usiokauka mwaka mzima, ukitokea kwenye nyanda za juu zenye misitu na ukungu. Mto huo nao unaitwa Engaruka. Mahindi, maharage, migomba, maduka ya barabarani, Engaruka Juu na Engaruka Chini, vyote vimeota kwenye maji hayo kama majani yanavyoota kwenye tawi.

Nilipokuwa natembea kuelekea magofuni, njia ilinipitisha kando ya shamba la mahindi. Mama mmoja alikuwa amesimama ndani ya maji, sketi ameikunja magotini, jembe mkononi. Alipiga ukingo wa mfereji mapigo mawili, udongo ukafunguka, na maji ya rangi ya chai ya maziwa yakaingia kwenye mistari ya mahindi. Alikuwa amelaza kipande cha gogo la mgomba kukinga mfereji ili maji yageukie kwake.

"Habari za kazi, mama?"

"Nzuri. Karibu. Ila usikanyage ukingo, utabomoka. Ruka."

Nikaruka. Zamu yake, alisema, ilikuwa inaisha saa sita. Baada ya hapo maji ni ya wa chini. Nikamwacha na jembe lake nikaendelea kupanda. Sikujua bado kwamba nilikuwa nimekwisha kuoneshwa nusu ya historia niliyoifuata.

Magofu ya Engaruka hayana lango wala mnara wa kukuambia umefika. Unagundua tu kwamba mteremko unaoupanda una ngazi. Watu waliukata mlima, wakachimba upande wa juu, wakajenga ukuta wa mawe upande wa chini, wakajaza katikati mpaka wakapata kipande cha tambarare chenye umbo la hilali, cha kutosha nyumba moja. Juu yake walisimamisha nyumba ya miti na nyasi. Miti na nyasi vimekwenda na upepo, kuta zimebaki. Hazikutiwa chokaa wala udongo wa kuziungamanisha. Kila jiwe limekaa kwa uzito wake na kwa namna lilivyochaguliwa likae juu ya wenzake. Kati ya ngazi na ngazi zipo njia nyembamba za kupita, mtu nyuma ya mtu. Ukiinama utaokota kwa macho kigae cha chungu, kipande cha jiwe la kusagia, jivu lililogeuka udongo.

Vijiji vya namna hii ni saba, vimepangana chini ya genge kwa kilomita kadhaa, kila kimoja kimeshika mteremko wake. Na kuanzia miguuni mwa vijiji hivyo, kwenda mashariki kwenye tambarare, yanaanza mashamba. Hapo ndipo mgeni huishiwa maneno, kwa kuwa ni kilomita za mraba 20 hivi, sawa na hekta 2,000, zilizogawanywa kwa mistari ya mawe kuwa majaruba, moja baada ya jingine, mpaka jicho linachoka. Mifereji mikubwa inatoka kwenye mabonde ya mito, inafuata ubavu wa mlima, inagawanyika kuwa mifereji midogo, na midogo inaingia mashambani. Hapa na pale yapo marundo ya mawe yaliyopangwa vizuri hata watafiti wa zamani walidhani ni makaburi. Yalipochimbwa, mengi hayakuwa na mfu ndani yake. Yalikuwa mawe yaliyookotwa shambani na kuwekwa pembeni ili jembe lipite.

Nilikaa juu ya ukuta mmoja nikatafuta kile tulichozoea kukitafuta kwenye magofu. Hakuna kasri. Hakuna kaburi la mfalme, wala jiwe lenye maandishi, wala sarafu yenye jina la sultani. Kwa msomaji aliyelelewa na habari za Kilwa, Gedi na Pate, Engaruka inaonekana bubu. Hatujui hata waliojenga walijiitaje. Jina Engaruka ni la Kimaasai, na Wamaasai walikuja baadaye, wakakuta mawe.

Habari za mawe haya zilianza kuandikwa mwaka 1883. Mwaka huo Gustav Fischer, daktari Mjerumani aliyekuwa amefanya kazi ya utabibu Unguja, alipita Engaruka na msafara uliotoka Pangani kwenda Naivasha. Akayataja mawe kwa ufupi, akapita. Lakini msafara wa siku hizo ulikuwa wa watu wa pwani kuliko wa Mzungu aliyeuandika: kirangozi mbele na bendera, wapagazi mamia, wakalimani wanaojua Kimaasai, wafanyabiashara wa pembe waliokwisha kuizoea njia. Penye maji ya uhakika ndipo msafara ulipopiga kambi. Yamkini watu wa Pangani walitandika mikeka yao kando ya kuta hizi, wakayapangua mawe mawili matatu kufanya mafiga, kabla ya kalamu yoyote kufika.

Mwaka 1935 alikuja Louis Leakey, mtafiti ambaye jina lake lingekuja kushikamana na Olduvai. Alizikagua kuta, akahesabu ngazi za nyumba kwa maelfu, akakadiria kwamba hapa waliishi watu kati ya 30,000 na 40,000. Taarifa yake ilichapishwa mwaka 1936 katika toleo la kwanza kabisa la jarida la Tanganyika Notes and Records. Idadi ile ilishangaza watu. Mji wa watu 40,000, katikati ya nyika, bila mwenyewe! Tangu hapo Engaruka ikaanza kuitwa mji uliopotea, na jina hilo limeing'ang'ania mpaka leo katika vipeperushi vya utalii.

Kitu kikiitwa kilichopotea, watu huanza kukitafutia mwenyewe wa mbali. Miaka hiyo ya ukoloni ilikuwapo nadharia, iliyoenezwa na G.W.B. Huntingford kuanzia mwaka 1933, kwamba kuta za mawe, matuta na mifereji ya kale ya bara la Afrika Mashariki viliachwa na ustaarabu mmoja alioupa jina la Azania, wa watu waliotoka kaskazini kisha wakatoweka. Nadharia hiyo iliwaridhisha wengi kwa sababu iliwaruhusu kuyasifu mawe bila kuwasifu babu za watu waliokuwa wanaishi karibu nayo. Mwenye shamba hakuulizwa. Mchaga alikuwa anatengeneza mifongo yake Kilimanjaro, Mwiraqw anatia samadi shamba lake Mbulu, Mbatemi anagawa maji ya zamu huko Sonjo, yote hayo ndani ya siku chache za mwendo, na bado mtaalamu alitazama kaskazini.

Majibu yalianza kupatikana baada ya uhuru. Mwaka 1964 na tena 1966, Hamo Sassoon, aliyekuwa Mhifadhi wa Mambo ya Kale wa Tanzania, alichimba katika vijiji na mashamba. Alipata vitu vya watu wa kawaida: vyungu vilivyovunjika, mifupa ya mifugo, na punje za mtama zilizoungua moto. Punje iliyoungua haiozi. Hukaa ardhini karne na karne, nyepesi na nyeusi, ikisubiri chekecheo. Mtama ni zao la Afrika, lililolimwa na Waafrika tangu zamani za zamani. Punje chache zile zilipunguza nguvu za hadithi ya wageni kuliko mabishano mengi ya vitabuni.

Suala la umri lilikuwa gumu zaidi. Vipimo vya kwanza vya kaboni, vilivyofanywa kwenye mkaa, vilitoa tarehe zilizoachana kwa karne nyingi, na kwa muda ilidhaniwa Engaruka ni ya kale mno. Kazi za baadaye, za Peter Robertshaw aliyechimba mwaka 1982 na za John Sutton aliyeirudia Engaruka kwa miaka mingi, zilizileta tarehe pamoja. Leo inakubalika kwamba vijiji na mashamba haya yalikuwa hai kuanzia karne ya 14 au ya 15 hadi karne ya 18. Na idadi ya watu ikashuka. Zile ngazi elfu na elfu hazikukaliwa zote kwa wakati mmoja: mtoto alioa, akajenga yake, nyumba ya babu ikaachwa, kizazi baada ya kizazi mteremko ukajaa. Waliokuwa wanaishi hapa kwa wakati mmoja walikuwa maelfu machache. Kwa maoni yangu idadi ndogo inaongeza heshima. Watu wachache kiasi hicho, na kazi yote hii!

Weka tarehe hizo kando ya zile za pwani tunazozijua. Francisco de Almeida alipoiteka Kilwa mwaka 1505, watu wa Engaruka walikuwa wanapalilia mtama. Wareno walipoanza kujenga Ngome ya Yesu Mombasa mwaka 1593, mifereji ya hapa ilikuwa inatiririka. Wafalme wa pwani walikuwa na makatibu, na maadui wao walikuwa na makatibu pia, ndiyo maana tunajua majina yao. Huku bara, siku zilihesabiwa kwa misimu, na kumbukumbu ikabaki mikononi mwa jembe.

Kumbukumbu hiyo ndiyo iliyosomwa upya katika miaka ya karibuni. Daryl Stump na Carol Lang wa Chuo Kikuu cha York, Uingereza, waliacha kuuliza kuhusu kuta peke yake, wakauliza kuhusu udongo ulio nyuma ya kuta. Walikata mashimo kwenye majaruba, wakachukua vipande vya udongo bila kuuvuruga, wakavikata vyembamba mno na kuvitazama kwa hadubini, tabaka kwa tabaka. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2017 yanasema jambo ambalo ningependa kila mtoto wa shule Tanzania alisikie: sehemu kubwa ya udongo wa mashamba yale haikuwapo pale. Uliletwa. Na aliyeubeba ni maji, akiongozwa na watu.

Kazi yenyewe ilikwenda hivi. Watu walipanga mstari wa mawe kukatisha njia ya maji. Mto ulipofurika, maji ya matope yakashuka kutoka nyanda za juu zenye udongo wa volkano, yakafika penye mawe, yakapunguza mwendo. Maji yanayopunguza mwendo hutua mzigo wake: mchanga kwanza, halafu lile tope laini lenye rutuba. Nyuma ya mstari pakabaki utando mwembamba wa udongo mpya. Watu wakaongeza safu ya mawe. Mafuriko mengine yakaja, yakatua mzigo mwingine. Wakaongeza safu. Haba na haba hujaza kibaba, na hapa kibaba kilikuwa shamba zima, tambarare, lenye udongo wa kina kinachoshika unyevu, mahali ambapo mwanzoni palikuwa na changarawe na kokoto.

Niliiona kazi hiyo kwa macho yangu kwenye korongo dogo ambalo mvua za siku hizi zimelikata katikati ya jaruba la kale. Ukingo wa korongo ulikuwa wima kama mkate uliokatwa kwa kisu. Nilichuchumaa. Chini kabisa mawe ya mto, juu yake utando wa mchanga usiozidi upana wa kidole, juu yake tope la kijivu, kisha mchanga tena, kisha tope. Kando, mstari wa mawe ulipanda pamoja na tabaka hizo, jiwe juu ya jiwe, kila moja likiwa limekaa juu kidogo kuliko udongo wa wakati wake. Kila tabaka ni furiko moja, pengine msimu mmoja, na kila jiwe ni mtu aliyeinama akasema mwaka huu tupandishe hapa. Nimeona misikiti ya kale na maboma ya kale. Sijawahi kuona jengo lililonigusa kama ule ukingo wa korongo.

Kwa kuwa mashamba yaliongezwa kidogo kidogo hivyo, hakukuwa na siku ambayo mfalme alisimama na kuamuru Engaruka ijengwe. Utafiti wa mpangilio wa majaruba unaonesha yalipanuka kwa hatua, kipande kikizaa kipande, mifereji mipya ikiunganishwa na ya zamani. Mfereji nao una hekima yake. Ukiinamisha mno, maji yanakimbia na kula kingo; ukilaza mno, yanasimama na kujaza tope. Chini ya genge hili watu waliipitisha mifereji ubavuni mwa mlima kwa mteremko mdogo sana, bila pimamaji ya fundi. Wakulima wa mifongo Kilimanjaro na wa Marakwet katika Bonde la Kerio, Kenya, wamejua siku zote namna ya kufanya hivyo: unachimba kidogo, unaachia maji, unatazama yanakwenda wapi, unachimba tena. Maji yenyewe ndiyo fundi.

Ng'ombe pia walikuwapo, na walifugwa kwa akili ileile ya kutopoteza kitu. Kati ya mashamba kuna maboma madogo ya mawe, ambayo Sutton aliyaelewa kuwa ya kufungia mifugo. Ng'ombe akiachwa kuzurura kwenye majaruba yaliyosongamana hivi ataangusha kuta na kula mtama. Akifungwa na kukatiwa majani, anakupa maziwa, nyama na samadi, na samadi inarudi shambani pale pale. Wakulima wanaofuga ng'ombe wa ndani leo huko Moshi au Mbulu hawatahitaji kuelezwa zaidi.

Linabaki swali la nani aliamua. Mito michache, vijiji saba, majaruba yasiyohesabika: maji ya nani kwanza? Mawe hayajibu, lakini majirani wanatupa mfano. Wabatemi, ambao wengi tunawaita Wasonjo, wanaishi kaskazini-magharibi ya hapa, nao hulima kwa mifereji chini ya genge hilohilo la Bonde la Ufa. Kwao maji yaligawanywa na baraza la wazee walioitwa wenamiji. Wazee hao walikuwa na zamu zao za haki. Asiye na zamu alikwenda kuomba kwa adabu na kwa zawadi. Na aliyeiba maji alitozwa. Baraza hilo lilikuwa ndiyo serikali, kwa sababu penye ukame anayegawa maji ndiye anayetawala. Haitupasi kusema Engaruka ilikuwa hivyo hivyo. Tunaweza kusema tu kwamba mifereji haidumu zaidi ya miaka 300 bila watu kukubaliana, kila mwaka, nani atasafisha sehemu ipi, nani atatengeneza banio baada ya mafuriko, na nani atangoja.

Kwa nini basi waliondoka? Nenda kwenye makorongo mengine yanayoshuka genge, yale yaliyolisha vijiji vya pembeni. Mifereji ya kale inaanzia hapo, inajipinda vizuri kuelekea mashambani, na ndani yake hakuna tone. Mito hiyo siku hizi hupita maji wakati wa mvua tu. Engaruka ndio uliobaki wa kudumu. Watafiti waliosoma mashapo ya ziwa lililo ndani ya kreta ya Empakaai, juu ya genge, wameona humo nyakati za unyevu na nyakati za ukavu zikipokezana, na inajulikana kwamba mwisho wa karne ya 18 na mwanzo wa karne ya 19 ukame mkali uliikumba Afrika Mashariki. Wakati huohuo Wamaasai walikuwa wanaenea katika nyanda hizi na mifugo yao, na mkulima aliyefungwa kwenye mfereji wake hana pa kukimbilia usiku wa uvamizi. Udongo uliolimwa bila kupumzika kwa karne nyingi nao huchoka. Hakuna haja ya kumtafuta mkosaji mmoja. Mito ikipungua, zamu zinakuwa fupi; zamu zikiwa fupi, ugomvi unakuwa mrefu; familia moja inafunga mizigo, kesho nyingine, na mabanio yanakosa mikono ya kuyatengeneza.

Lakini kuhama si kupotea. Hilo ndilo neno ninalotaka kulirekebisha baada ya kuikanyaga ardhi ile. Watafiti wanaoutafuta ukoo wa watu wa Engaruka wamewatazama zaidi Wairaqw na Wabatemi, na yapo mambo ya kulinganisha kwa wote wawili: mifereji na vijiji vya mteremkoni kwa Wabatemi, ng'ombe wa ndani na samadi kwa Wairaqw. Huenda wote wana sehemu ya damu hiyo, na huenda wengine waliingia kwa Wamaasai kwa ndoa na kwa njaa, kama ilivyotokea mara nyingi katika historia ya nyanda hizi. Watu hawa hawakumezwa na ardhi. Walichukua watoto, mbuzi, mbegu za mtama na ujuzi wao, wakaenda kwa watu. Tukisema wamepotea, tunawanyang'anya wajukuu wao urithi kwa neno moja.

Nalisema hili kwa sababu tumejifunza kuipima historia kwa mawe marefu. Tunaheshimu kasri, ngome, msikiti mkubwa, na vinastahili heshima. Lakini wengi wetu hatukutoka kasrini. Tulitoka kwa watu waliolima. Engaruka ni mojawapo ya mahali pachache ambapo jasho la mkulima wa kawaida limesimama wazi, kilomita za mraba 20, bila jina la mkubwa yeyote kulifunika. Ukitaka kumwonesha mtoto kazi ya babu yake ambaye hakuna kitabu kilichomwandika, mlete hapa.

Na mahali penyewe hapajalindwa na umbali kama tunavyodhani. Mawe ya kale ni rahisi kuokota kuliko kuchonga mapya, na kuta zinapungua polepole kwa kujengea mazizi na nyumba. Ng'ombe na mbuzi wanapita juu ya majaruba kila siku. Makorongo yanapanuka, yanakata mashamba ya kale kama lile nililoliona. Watu wanaongezeka na mto ni uleule mmoja. Upande wa mashariki, kwenye bonde la Engaruka, serikali kupitia Shirika la Maendeleo la Taifa imekuwa ikiandaa mradi mkubwa wa magadi soda, ambao unaweza kuleta barabara, ajira na watu wengi wapya kwenye mji huu mdogo. Sina ugomvi na ajira. Ninachoomba ni kwamba wanaopanga maji, barabara na viwanda vya Engaruka wajue kwamba hawaanzi mwanzo. Mahali hapa paliwahi kufanya hesabu ya maji, watu na udongo, na hesabu ile ilikubali kwa zaidi ya miaka 300. Siku ilipokataa, mji uliondoka.

Nilishuka mchana, jua limesimama utosini. Yule mama alikuwa ametoka majini. Gogo la mgomba lilikuwa limeondolewa, na tundu la mfereji limezibwa kwa bonge la udongo na nyasi, likakandamizwa kwa mguu mpaka likalingana na ukingo. Maji yalikuwa yanampita sasa, yanakwenda kwa wa chini, ambako kijana mmoja alikuwa ameshika jembe akiyangoja. Saa sita ilikuwa imefika, na hakuna aliyekuja kumkumbusha mwenzake.

Nilifika kwenye ukingo, nikakumbuka nilichoambiwa asubuhi. Nikaruka.